Kusaga dawa: mashine kwanza au kompyuta kwanza?

Mpanda ni mji unaojua kusaga. Huko Dirifu na Ibindi, mawe ya dhahabu hupondwa kwa nyundo, kisha huingizwa kwenye karasha, pipa nene la chuma linalozunguka likiwa na gololi ndani, mpaka mwamba ugeuke unga. Mjini, mashine za kukoboa mpunga na kusaga mahindi hazipumziki msimu wa mavuno. Hata reli ya kutoka Kaliua, yenye urefu wa kilomita 210 hivi, ilifikishwa hapa na serikali ya kikoloni baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Uruwira, ambako mawe yalisagwa kwanza ndipo madini yakatenganishwa.

Kisichosagwa Katavi ni dawa. Vidonge vinavyofika katika zahanati na vituo vya afya vya Karema, Inyonga au Usevya vimetengenezwa India, China, Kenya au Dar es Salaam, vikasafiri siku nyingi kwa meli, treni na lori. Mgonjwa husoma idadi ya miligramu kwenye pakiti. Haoni jambo jingine lenye uzito uleule, yaani ukubwa wa chembe za unga uliogandamizwa kuwa kidonge.

Serikali inahimiza dawa zitengenezwe nchini, na kila kiwanda kitakachoanza kitalazimika kuchagua kinu chake na kukielewa. Hapo ndipo penye ubishi. Je, wataalamu wetu wajifunze kuiga usagaji ndani ya kompyuta kabla ya kugusa malighafi? Au hiyo ni anasa ya nchi tajiri, na fedha ziende kwanza kwenye mashine na mafundi?

Mjadala huu umepangwa kama baraza mjini Mpanda, lenye sauti tano: mfamasia wa hospitali, fundi mkongwe wa makarasha, mhandisi kijana anayefanya uigaji wa kompyuta, mhasibu wa viwanda na mkaguzi wa ubora wa dawa. Wahusika ni wa kubuni na hawana majina. Mifano na takwimu wanazozitaja ni za kweli.

Mfamasia anafungua kwa sababu yeye ndiye anayekabidhi dawa mkononi mwa mgonjwa. Anaanza na griseofulvini, dawa ya mapunye inayomezwa na watoto wengi wenye mabaka kichwani. Ilianza kutumika kwa kumeza mwishoni mwa miaka ya 1950. Muda si mrefu, watafiti wakagundua kwamba ikisagwa laini zaidi, nusu gramu huingiza damuni kiasi kilekile kilichokuwa kikihitaji gramu nzima. Hakuna aliyebadilisha kemia ya dawa. Kilichobadilika ni unga.

Anaendelea na digoksini, dawa ya moyo ambayo tofauti kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru ni ndogo sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, nchini Uingereza, mabadiliko ya utengenezaji yalifanya kiwango cha dawa kinachoingia mwilini kipande karibu maradufu, ilhali maandishi ya kwenye chupa yalibaki vilevile. Ukubwa wa chembe ulikuwa kiini cha kisa hicho.

“Na hapa kwetu,” anasema, “dawa mseto ya malaria, ALu, ina lumefantrini ambayo huyeyuka kwa shida mno katika maji. Ndiyo maana nawaambia akina mama wampe mtoto pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Dawa ya namna hiyo ikisagwa vibaya, nitamlaumu mama kwa kosa la kiwandani.”

Hesabu yake ni rahisi, anaichora ubaoni. Chembe ya umbo la mchemraba yenye upana wa mikroni 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita, ikikatwa kuwa michemraba ya mikroni 10, zinapatikana chembe 1,000. Uzito wa jumla haujaongezeka hata kidogo, lakini eneo la nje linaloguswa na maji ya tumboni limekuwa mara kumi. Dawa ngumu kuyeyuka huishi au hufa kwa tofauti hiyo.

Fundi wa makarasha hakatai. Anauliza tu kompyuta inaingia wapi.

Yeye hulisikiliza karasha. Gololi zikianguka vizuri juu ya mawe, mlio huwa mzito na wa kufuatana; mawe yakizidi, mlio hufifia kwa sababu gololi zinaangukia kwenye tope; mawe yakipungua, chuma hugonga chuma na mlio huwa mkali, na hapo gololi zinajila zenyewe. Kisha huchota unga kidogo, huusugua kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Ukikwaruza, bado. Ukiteleza, anafungua.

“Nimesaga mawe tangu huyu kijana hajazaliwa,” anasema akimtazama mhandisi. “Karasha halijawahi kuniomba kompyuta.”

Mhandisi anamjibu kwa heshima. “Mzee wangu, unayoyasikia kwa masikio ndiyo ninayoyahesabu. Niulize karasha lako lina upana gani.” Anaambiwa: mita moja. “Basi likifika mizunguko 42 hivi kwa dakika, gololi zitang'ang'ania ukutani zisianguke tena, na usagaji utakwisha. Kwa kawaida pipa la upana huo huendeshwa kati ya mizunguko 28 na 32.” Fundi anakubali kwamba lake liko humo humo, ingawa aliyemfundisha hakumpa hesabu yoyote.

Hapo mhandisi anapata nafasi ya kueleza historia ambayo wengi hawaitarajii. Uigaji wa usagaji haukuzaliwa kwenye dawa. Ulizaliwa kwenye mawe. Mwaka 1971 Peter Cundall aliwasilisha njia ya kuiga miamba kama mkusanyiko wa vipande vinavyogusana na kusukumana, na mwaka 1979 yeye na Otto Strack wakachapisha maelezo yake kamili kwa chembe za mchanga. Kila chembe hupewa mahali pake, kasi yake na uzito wake. Kompyuta huangalia nani anamgonga nani, hukokotoa nguvu kwa kanuni za Newton, husogeza kila chembe hatua ndogo sana ya muda, kisha huanza upya, mamilioni ya mara. Mwaka 1992, Mishra na Rajamani wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, waliitumia njia hiyo kuonyesha jinsi gololi zinavyopanda na kuanguka ndani ya kinu cha madini. Wahandisi wa dawa walikuja baadaye na kuikuta njia imekwisha kufyekwa.

“Kwa hiyo mlianza na sisi,” fundi anasema.

“Tulianza na ninyi.”

Mhasibu anaona mazungumzo yanakwenda vizuri kupita kiasi. Anataka mtu aseme ukweli kuhusu idadi. Kinu cha gololi kina gololi mia kadhaa au elfu kadhaa, sawa, kompyuta itazimudu. Je, unga wa dawa?

Mhandisi hafichi. Gramu moja ya unga wenye chembe za mikroni 10 ina chembe zaidi ya milioni 700. Mkupuo mmoja wa kilo 50 una chembe zaidi ya trilioni 35. Kompyuta nzuri ya mezani hufuatilia chembe laki kadhaa. Yenye kadi ya michoro yenye nguvu hufika mamilioni. Hakuna kompyuta itakayofuatilia kila chembe ya kinu cha dawa.

“Kwa hiyo mnachoonyesha kwenye skrini ni picha tu,” mhasibu anadakia.

Mhandisi anasema wanatumia njia mbili zikishikana mikono. Ya kwanza ni ile ya Cundall, kwa chembe chache zinazowakilisha nyingi, ili kujua ndani ya kinu migongano inatokea wapi, mara ngapi, na kwa nguvu kiasi gani. Ya pili haifuatilii chembe moja moja. Inazipanga katika matabaka ya ukubwa, jinsi chekeche zinavyozitenga, na kwa kila tabaka inauliza maswali mawili: kwa dakika moja, sehemu gani itavunjika? Na ikivunjika, vipande vitaangukia matabaka gani? Majibu ya maswali hayo yakijulikana, inawezekana kukadiria unga utakavyokuwa baada ya dakika tano, kumi au ishirini, na nini kitatokea kasi ikiongezwa au chekeche ya kinu ikibadilishwa.

“Majibu hayo yanatoka wapi?” anauliza mkaguzi, aliyekuwa kimya mpaka sasa.

“Yanatoka kwenye unga wenyewe. Inabidi tuusage kidogo na kuupima.”

Mkaguzi anaandika jibu hilo.

Sasa mhasibu anajenga hoja yake. Anataja viwanda vya Dar es Salaam kama Keko na Shelys, na kusema kwamba kiwanda cha dawa nchini huagiza karibu malighafi yake yote ya tiba kutoka nje, hasa India na China, kwa fedha za kigeni. Kina mishahara, umeme, maji safi, vifungashio na kodi za kulipa. Mashine ya kusaga kwa nyundo anaielewa: rota inazunguka, nyundo zinapiga, unga unatoka kwenye matundu ya chekeche, kama ilivyo kwenye mashine ya mahindi ya mtaani, tofauti ni chuma kisichoshika kutu na usafi. Leseni za programu za kibiashara za uigaji anazifahamu kwa bei zake. Na Mpanda, ambayo kwa miaka mingi iliwashwa na majenereta ya dizeli mbali na gridi ya taifa, inajua maana ya kompyuta inayohitaji kuhesabu usiku kucha.

Ana pendekezo la badala. Wafanye majaribio kwa laktosi, sukari ya maziwa inayotumika kujazia vidonge, ambayo ni rahisi kuipata. Wakishaielewa mashine, waingize dawa yenyewe.

Mfamasia ndiye anayempinga. Laktosi huvunjika kwa namna yake. Kuna dawa zinazopasuka upesi kama kioo, na kuna nyingine zinazobonyea na kunata kwenye ukuta wa kinu. Kilichopatikana kwa laktosi hakiwezi kuhamishwa moja kwa moja. Zaidi ya hayo, kusaga sana nako kuna hasara. Kinu hupata joto. Chembe ndogo mno hushikana, hubeba chaji ya umeme tuli, hukataa kutiririka kwenye mashine ya kugandamiza vidonge, na kidonge kimoja hupata dawa nyingi kuliko kingine. Baadhi ya fuwele hupoteza mpangilio wake wa ndani kwa kipigo, na dawa ikawa tete, ikanyonya unyevu na kubadilika ikiwa bado ghalani.

“Je, kompyuta yako inayaona hayo?” anamgeukia mhandisi.

“Nusu yake, dada. Inaona nguvu ya kila mgongano na mahali joto linapozalishwa. Haioni fuwele ikiharibika. Hilo linahitaji maabara.”

Huu ndio ukingo wa mjadala, na inafaa msomaji asimame hapo kidogo. Watetezi wa uigaji mara nyingi huzungumza kana kwamba kompyuta inachukua nafasi ya maabara. Wapinzani wao huzungumza kana kwamba maabara tayari ipo. Yote mawili si kweli. Kanuni za kukadiria nishati ya kusaga zimekuwapo muda mrefu: Rittinger alitoa yake mwaka 1867, Kick mwaka 1885, Bond mwaka 1952. Kila moja ilihitaji namba ya kupimwa kutoka kwenye kitu chenyewe kinachosagwa. Uigaji wa leo, pamoja na rangi zake zote kwenye skrini, haujaondoa hitaji hilo, umeliongeza. Badala ya namba moja, sasa zinatakiwa kadhaa: chembe inasuguana kiasi gani na nyenzake na ukuta, inadunda kiasi gani, inahitaji kipigo gani ili ipasuke.

Mhandisi anaomba arudi kwenye fedha, maana anahisi ameshindwa kabla ya kumaliza. Leseni ghali zipo, anasema, lakini programu huria kama YADE na LIGGGHTS nazo zipo, na mwanafunzi anaweza kuzipakua bila kulipa. Kuhusu malighafi, hesabu iko upande wake. Ukitaka kujua athari ya kasi, ukubwa wa matundu ya chekeche na kiwango cha kulisha unga, kila kimoja kwa hatua tatu, una michanganyiko 27. Kuijaribu yote kwenye kinu halisi ni kusaga malighafi ya kununua kwa dola mara 27. Modeli iliyopimwa kwa majaribio machache inaweza kuipunguza orodha hiyo ibaki michanganyiko michache ya kuhakikisha.

Mhasibu anakubali hesabu ya 27. Hakubali kwamba majaribio machache yatakuwa machache kweli.

Mkaguzi sasa anachukua zamu yake, na anazungumza polepole. Mwaka 2018 mamlaka ya Tanzania ya kudhibiti dawa, ambayo sasa inaitwa TMDA, ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya ukomavu katika vipimo vya Shirika la Afya Duniani. Heshima hiyo ina maana kwamba faili la kiwanda linasomwa kwa umakini. Tangu mwongozo wa kimataifa wa ICH Q8 wa mwaka 2005, mtengenezaji anatarajiwa kueleza kwa nini mchakato wake unatoa dawa nzuri, zaidi ya kuonyesha tu kwamba mkupuo wa mwisho ulifaulu. Uigaji unaweza kusaidia katika kueleza huko. Hauwezi kufuta kipimo cha kuyeyuka kwa kidonge, wala ushahidi kwamba dawa inaingia damuni sawa na ile ya mwanzo.

Anatoa mfano wa jirani. Mwaka 2023 kiwanda cha Universal Corporation kilichopo Kikuyu, Kenya, kilipata ithibati ya Shirika la Afya Duniani kwa vidonge vya SP, vile wanavyopewa wajawazito kuwakinga na malaria. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtengenezaji wa Afrika kufika hapo kwa dawa hiyo. “Njia ya kufika huko ni kumbukumbu, vipimo na watu waliofundishwa,” anasema. “Nikiletewa modeli isiyo na vipimo, nitalifunga faili.”

Fundi wa makarasha amekuwa akisikiliza, na sasa ana jambo lake, ambalo linaugeuza mjadala.

Anasema yeye hupoteza dhahabu. Akisaga mawe yakabaki makubwa, dhahabu hubaki imefungwa ndani ya chembe na zebaki ya kuinasia haiigusi. Akisaga kupita kiasi, dhahabu huwa laini mno, huondoka na maji ya kuoshea. Marudio yake, yaani mabaki baada ya kuosha, hununuliwa na wenye mitambo ya sayanidi, nao huyatoa humo dhahabu aliyoshindwa kuipata. Bei ya marudio ni ndogo. Faida inakwenda kwa mwingine. Na tangu Tanzania ilipojiunga na Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, amekuwa akiambiwa apunguze zebaki, bila kuonyeshwa asage kwa kiasi gani ili aweze kufanya kazi bila hiyo.

“Kidole changu kinaniambia unga umelainika,” anasema. “Hakiniambii dhahabu yangu imefunguka kwa kiasi gani. Kama mna kipimo, nileteeni mimi kwanza. Mawe ninayo bure.”

Maneno hayo yana uzito kuliko fundi mwenyewe anavyodhani. Tatizo kubwa la kufundisha uigaji wa usagaji nchini ni kwamba vijana watajifunza kwa mifano iliyoandaliwa kwingine, na mara ya kwanza kukutana na unga halisi itakuwa kiwandani, mbele ya malighafi ghali na mbele ya mkaguzi. Mpanda ina unga mwingi usio na thamani ya dawa, unaosagwa kila siku kwenye vinu vya aina ileile ambayo uigaji ulianzia. Karasha moja, chekeche sita za matundu tofauti, mizani, tanuri la kukaushia sampuli na kompyuta moja vinatosha kwa somo la kwanza. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina kampasi ya Mizengo Pinda katika mkoa huuhuu, na usagaji wa nafaka ni jambo la nyumbani kwao. Wafamasia wa chuo kikuu cha afya cha MUHAS jijini Dar es Salaam na wanaosomea utengenezaji wa dawa huko Moshi wangeweza kuja wakati wa mafunzo kwa vitendo, wakakutana na mtu anayetambua kinu kwa sauti.

Mfamasia anaonya kwamba mwamba si dawa. Fuwele, joto na umeme tuli havitajifunzwa kwenye karasha, na kinu cha hewa kinachosaga dawa ya pumu hadi mikroni moja hadi tano, ili iweze kufika ndani ya mapafu, hakifanani na pipa la gololi hata kidogo. Anaongeza jambo la afya: vumbi la mwamba huleta ugonjwa wa mapafu usiopona na hufungulia mlango kifua kikuu, hakuna mwanafunzi atakayekaribia karasha kavu bila barakoa ya kufaa. Fundi anakiri kwamba vijana wake wengi hawavai.

Msimamo wa makala haya ni huu: swali la mashine kwanza au kompyuta kwanza limewekwa vibaya, kwa sababu linaruka hatua inayozibeba zote mbili. Kipimo kinatangulia. Kiwanda kisichojua ukubwa wa chembe za unga wake kitanunua mashine kwa kukisia na programu kwa kukisia. Kinachojua kitaweza kuanza na programu huria na kinu kidogo, na kuongeza kadiri kinavyojifunza. Fedha za mwanzo ziende kwenye chekeche, kwenye kifaa cha kupima chembe kwa mwanga wa leza kinachoweza kutumiwa na viwanda kadhaa kwa pamoja, na kwenye mishahara ya vijana watakaokaa navyo muda wa kutosha wakavielewa. Mgonjwa wa Karema hana njia ya kudai unga uliosagwa sawasawa. Lazima mtu mwingine amdaie, na adai kwa namba.

Mhasibu anauliza nani atalipia kifaa hicho cha leza, na barazani hakuna anayempa jibu la kumridhisha. Mkaguzi, kwa upande wake, anaweka sharti la jaribio la kwanza. Mhandisi apewe kilo tano za mawe ya Ibindi yaliyopondwa, asage kilo moja kwa dakika tano, apime, atengeneze modeli yake. Kisha, kabla ya kilo nne zilizobaki kuingia kwenye karasha, aandike kwenye karatasi asilimia anayotabiri itabaki juu ya kila chekeche baada ya dakika ishirini, aisaini, na karatasi abaki nayo fundi. Wakishapima, tofauti kati ya namba zilizoandikwa na zilizopatikana ibandikwe ukutani, tabaka kwa tabaka, hata kama inatia aibu. Mhandisi amekubali, ila ameomba apewe kilo sita.